Kitovu cha njia: nani anakichagua, na anahesabu nini?

Tenke si muji mukubwa. Lakini tangu mwaka 1931, kila muzigo wenye kutoka Lubumbashi kwa treni na kuelekea bandari ya Lobito, kule Angola, unapaswa kupita pale. Ni Tenke reli inagawanyika: mukono mumoja unaenda Bukama na Kamina, mukono mwingine unaenda Kolwezi na Dilolo, hadi Angola. Kamina nayo iko vile: reli tatu zinakutana pale, ya Lubumbashi, ya Kananga na Ilebo, na ya Kabalo yenye inaendelea hadi Kalemie.

Fasi ya namna hii tunaiita kitovu cha njia. Mutoto ndani ya tumbo la mama anakula kwa kitovu. Mugodi nao unakula kwa kitovu chake: mazutu, bunga, dawa, piese za masini vinaingia kwa njia ile, na shaba na kobalti vinatoka kwa njia ile.

Mama wa Kolwezi anaweza kumuuliza bwana yake: «Papa wa batoto, juu ya nini bunga ya huku iko bei kali kupita ya Lubumbashi?» Naye atajibu: «Juu inatoka mbali. Inaingia ku Kasumbalesa, inapakuliwa, inapakiwa tena, njo inafika huku.» Jibu lile ni la kweli. Lakini kuko swali lingine nyuma yake: ni nani alisema muzigo ushukie pale, na si fasi ingine? Alipima nini?

Iko elimu nzima yenye kushughulika na swali lile. Ni hesabu ya kutafuta fasi ya kitovu, kwa treni, kwa ndege, kwa kamio, na kwa simu vilevile. Wakubwa wa kampani wanaitumia. Inafaa mufanyakazi naye aijue, maana fasi kitovu kinawekwa, pale depo inajengwa na kazi inapatikana. Na fasi kitovu kinaondoka, watu wanafunga nyumba.

JUU YA NINI KUZUNGUKA?

Tuseme kuko miji kumi, na kila muji unataka kutumia mingine mizigo. Ukitaka kila muji ufungwe na kila mwingine kwa njia yake, utahitaji njia 45. Ukichagua muji mumoja uwe kitovu, na mizigo yote ipite pale, njia 9 zinatosha. Kwa miji 25 tofauti ni kubwa zaidi: njia 300 kwa upande moja, njia 24 kwa upande mwingine.

Ni hesabu hiyo ilimsukuma Fred Smith kule Marekani. Usiku wa tarehe 17 Aprili 1973, kampani yake, Federal Express, ilianza kazi kwa ndege ndogo 14 na vifurushi 186, kwa ajili ya miji 25. Vifurushi vyote vilipelekwa kwanza Memphis. Pale vilichambuliwa usiku, na kisha ndege zilivipeleka kila kimoja kwao. Hata kifurushi cha kwenda muji wa jirani kilipita Memphis. Mutu wa inje ataona ni upumbafu. Lakini ndege moja yenye kujaa inagharimu kidogo kupita ndege kumi zenye kubeba vifurushi viwili-viwili. Na Memphis haikuchaguliwa bule: iko karibu na katikati ya wateja, na hali ya hewa yake haifungi kiwanja cha ndege mara mingi.

Sisi wa reli tunajua jambo hilo bila kwenda Marekani. Treni moja ya wagoni 20, kila wagoni tani 40, inabeba tani 800. Ukitaka kubeba tani zile kwa kamio za tani 30, utatafuta kamio 27, na mashofere 27. Basi, kati ya kitovu na kitovu, muzigo mwingi unasafiri pamoja na bei ya tani moja inashuka. Lakini kuna bei ya kulipa: muzigo unazunguka, unapakuliwa, unapakiwa tena. Kazi ya hesabu ni kupima kama faida ya kusafiri pamoja inapita hasara ya kuzunguka.

TUFANYE HESABU SISI WENYEWE

Mufano mudogo unatosha, na kila mutu anaweza kuufanya kwa kalamu. Tuseme kampani inataka kujenga garaje kubwa moja ya kutengeneza kamio, kwa ajili ya Lubumbashi, Likasi na Kolwezi. Kutoka Lubumbashi hadi Likasi ni karibu kilometre 120. Kutoka Likasi hadi Kolwezi ni karibu 180. Tuseme tena kila siku kamio 10 za Lubumbashi zinahitaji garaje, 3 za Likasi, na 6 za Kolwezi. Garaje ijengwe wapi?

Ikiwa Lubumbashi: kamio 3 zitatembea kilometre 120, na 6 zitatembea 300. Jumla 2160.

Ikiwa Likasi: kamio 10 mara 120, na 6 mara 180. Jumla 2280.

Ikiwa Kolwezi: kamio 10 mara 300, na 3 mara 180. Jumla 3540.

Lubumbashi inashinda. Lakini sasa tuseme migodi ya Kolwezi inakua, na kamio zake zinakuwa 9 pahali pa 6. Rudia hesabu: Lubumbashi inatoa 3060, Likasi inatoa 2820. Likasi imeshinda. Kolwezi ikifika kamio 14, ni Kolwezi yenyewe inashinda: 3540, na Likasi 3720.

Kuko na njia ya mukato. Anza ku mwisho mumoja wa barabara, jumlisha kamio muji kwa muji. Muji wenye unakufikisha nusu ya kamio zote, ni ule. Katika mufano wa kwanza kamio ni 19, nusu ni 9 na kidogo. Lubumbashi peke yake iko na 10: umefika tayari. Angalia vizuri jambo moja: si katikati ya barabara kwa kilometre kunashinda. Ni katikati ya muzigo.

Na juu ya nini hatukupima garaje katika pori, kati ya Likasi na Kolwezi? Mwaka 1964 mwalimu moja, jina lake S. L. Hakimi, alionyesha kama si lazima. Alikuwa anatafuta fasi ya kuweka kituo cha kuunganisha simu katika mutandao, na fasi ya kuweka kituo cha polisi katika barabara. Alihakikisha kama, ukitafuta jumla ndogo ya safari, siku zote iko jibu zuri ndani ya mumoja wa miji yenyewe, fasi njia zinakutana. Kwa hiyo huna haja ya kupima kila kilometre ya pori. Pima miji tu.

Mbele yake, watu walipima kwa mikono. Iko chombo chenye kuitwa kwa jina la Mufaransa Pierre Varignon: ubao wenye matundu, kila tundu ni muji. Unapitisha kamba katika kila tundu, unafunga chini yake jiwe lenye uzito kufuatana na muzigo wa muji ule, na juu ya ubao unafunga kamba zote fundo moja. Ukiachilia, mawe yanavutana, na fundo linatembea lenyewe hadi linasimama. Fasi linasimama, njo fasi ya kitovu. Mujermani Alfred Weber, katika kitabu chake cha mwaka 1909 juu ya fasi ya kujenga viwanda, alifuata wazo lile: kila mugodi na kila soko vinavuta upande wao, kila kimoja kwa uzito wake.

KAMA VITOVU NI VINGI

Kitovu kimoja ni hesabu ya kalamu. Vitovu viwili ao vitatu ni kazi ingine. Mwaka 1987 Morton O'Kelly, mwalimu wa jiografia kule Marekani, aliandika hesabu hiyo kwa ukamilifu wake: chagua vitovu, kisha kila muji uamue unafunga kamba yake kwa kitovu gani, na muzigo wa kati ya vitovu uhesabiwe kwa bei ya chini. Alitumia safari za ndege za miji 25 ya Marekani zenye ziliandikwa mwaka 1970. Hata leo watu wa elimu hiyo wanajaribishia njia zao mupya juu ya miji ileile 25.

Juu ya nini ni nguvu? Kuchagua miji 3 kati ya 25, kuko namna 2300. Si nyingi. Lakini kisha kila muji kati ya 22 yenye inabaki unapaswa kuchagua kitovu kimoja kati ya 3. Namna za kupanga zinapita miliari 31, na ni kwa kila moja ya zile 2300. Hakuna mutu wa kuzihesabu moja-moja.

Kwa hiyo watu wa hesabu wanafanya sawa vile mutafutaji wa madini. Kama umekwisha kupata mushipa wenye kutoa shaba asilimia 4, na sampuli za upande wa pili zinaonyesha kama, hata mambo yakienda vizuri namna gani, haziwezi kupita asilimia 2, huchimbi kule. Unafunga upande ule wote bila kutoboa shimo hata moja. Ordinatere inafanya vilevile: inagawanya mipango mafungu-mafungu, inakadiria faida ya juu ya kila fungu, na fungu lenye haliwezi kushinda linatupwa muzima.

Njia ya pili ni kubadilishana. Teitz na Bart waliifundisha mwaka 1968, kwa vituo vya kawaida. Unaanza na miji mitatu yoyote. Unatoa mumoja, unaingiza mwingine, unahesabu. Bei ikishuka, unaacha vile; ikipanda, unarudisha. Unaendelea hadi hakuna tena kubadilisha kwenye kunaleta faida. Ni njia ya upesi, lakini inaweza kukwama ku jibu lenye ni nzuri kiasi tu, sawa mutu mwenye kusimama juu ya kilima kidogo na kusema ni mulima.

Njia ya tatu, watu wa izine watacheka wakiisikia, maana ilitoka kwao. Chuma ukikipasha moto sana na kukipoza pole-pole, chembe zake zinapata wakati wa kujipanga vizuri. Ukikipoza mara moja, zinashikwa fasi mbaya. Mwaka 1983 Kirkpatrick, Gelatt na Vecchi walileta wazo hilo ndani ya hesabu: kwa mwanzo, wakati «moto» ni mukali, ordinatere inaruhusiwa kukubali hata mupango wenye bei imepanda kidogo, kusudi itoke juu ya kilima kidogo. Kisha moto unapunguzwa pole-pole, na inaanza kukataa mabaya. Mwisho inatulia. Njia hiyo imetumiwa sana kwa kutafuta vitovu.

SIMU NAYO IKO NA KITOVU

Ukiwa Kolwezi na unapigia ndugu yako wa Likasi, sauti haitoki kwa simu yako moja kwa moja hadi kwake. Inaenda kwa antene, antene inaitupa kwa antene ingine ao ndani ya kamba ya fibre, inafika ku kituo kikubwa chenye kinajua ndugu yako eko chini ya antene gani, kisha inarudi. Kama kila simu ingefungwa na kila ingine kwa uzi wake, kwa simu 1000 tu tungehitaji nyuzi 499.500. Bila kitovu hakuna simu.

Kwa antene, watu wa hesabu wanapima kwa namna ingine. Hawaulizi kwanza «jumla ya safari ni ngapi?» Wanauliza: «Kwa feza tuko nayo, antene tano kwa mufano, tuziweke wapi kusudi watu wengi wawe chini yake?» Church na ReVelle waliandika hesabu hiyo mwaka 1974. Ni hesabu nzuri, lakini angalia matokeo yake. Sité ya watu elfu makumi inashinda kila mara. Kijiji cha watu 200, chenye kiko nyuma ya mulima, kitabaki inje ya duara mwaka kwa mwaka. Hakuna mutu mwenye anakichukia. Swali lenyewe ndilo linakiacha inje.

Hapa ndipo neno kubwa la habari hii. Rudi ku garaje yetu ya kwanza, ya kamio 10, 3 na 6. Kwa jumla ya kilometre, Lubumbashi ilishinda. Lakini badilisha swali, uliza: «Mutu mwenye eko mbali kupita wote atatembea kiasi gani?» Garaje ikiwa Lubumbashi, shofere wa Kolwezi anatembea 300. Ikiwa Likasi, hakuna mwenye kupita 180. Sasa Likasi inashinda, na hakuna kamio hata moja yenye imebadilika. Kwa garaje, jumla inaweza kuwa swali la haki. Kwa ambulanse ya kuokoa watu shimo likibomoka, ao kwa hospitali yenye mama anakwenda kuzalia, mutu wa mbali ndiye wa kuhesabiwa kwanza. Hesabu haidanganyi, lakini inajibu tu swali lenye iliulizwa.

SIKU KITOVU KINAFUNGWA

Kuko na jambo lingine lenye Katanga ilifundishwa kwa mateso. Kwa ramani, njia fupi ya shaba kwenda bahari ni ya Lobito. Mwaka 1975 vita viliingia Angola na reli ile ilifungwa kwa mizigo yetu. Shaba ilipaswa kuzunguka: kwa upande wa kusini, kupitia Zambia hadi bandari za mbali, ao kwa njia ya ndani ya inchi: treni hadi Ilebo, pale kupakuliwa, mashua ku Kasai na Kongo hadi Kinshasa, pale kupakuliwa tena, na treni ingine hadi Matadi. Kila kupakua ni siku, ni mikono, ni feza. Ni miaka makumi mitatu na zaidi ilipita mbele ya reli ya Angola kutengenezwa tena hadi ku mupaka.

Kwa hiyo watu wa hesabu wa siku hizi wanaongeza sharti: kila muji uwe na njia ya pili, kama kitovu chake kikifungwa. Mupango wa namna ile unagharimu zaidi ku karatasi, na mwenye kulipa analalamika. Lakini mwenye aliona mulolongo wa kamio Kasumbalesa anajua kitovu kimoja chenye kujaa kinafanana namna gani na kitovu chenye kufungwa.

Na kitovu kinaweza kufa bila vita. Mwaka 1918 reli kutoka kusini ilifika Bukama. Pale muzigo ulishuka ndani ya mashua, ukafuata Lualaba hadi Kabalo, kisha treni hadi Ziwa Tanganyika, na ngambo ya ziwa kuko Kigoma na reli ya Dar es Salaam. Bukama ilikuwa mulango. Mwaka 1928 reli ilipita mbele hadi Ilebo, yenye wakati ule iliitwa Port-Francqui. Mwaka 1956 reli ya Kamina hadi Kabalo ilifunguliwa, na muzigo haukuwa tena na haja ya kushukia mashua. Mutu wa Bukama hakufanya kosa lolote. Njia ilibadilika, na mikono yenye ilikuwa inapakua mizigo haikuitwa tena.

MAULIZO MATATU

Tarehe 4 Julai 2023, maraisi wa Angola, Kongo na Zambia walikutana Lobito wakati reli ile ilikabiziwa kampani ingine ya kuiendesha. Kwa hiyo hesabu inafanywa upya: shaba ngapi itapita magaribi, ngapi itabaki kupita Kasumbalesa, depo zijengwe Kolwezi, Tenke ao Lubumbashi. Baba, mama, kijana mwenye kutafuta kazi, kama mu mukutano wa sité ao wa sandika munaambiwa «wataalamu wamekwisha kuchagua fasi», muombe delege wenu aulize mambo matatu.

La kwanza: walihesabu nini, jumla ya feza ya kampani, ao safari ya mutu mwenye eko mbali kupita wote?

La pili: ni hesabu za mwaka gani? Tumeona kama kamio tatu za kuongeza Kolwezi zinatosha kuhamisha garaje kutoka Lubumbashi hadi Likasi. Mwenye anapima kwa hesabu za zamani anajenga fasi ya zamani.

La tatu: siku kitovu kile kinafungwa, kwa vita, kwa mvua, ao kwa daraja lenye limeanguka, muzigo utapita wapi, na nani atalipa kuzunguka?

Mwenye alifanya hesabu vizuri atakuwa na majibu yote matatu ndani ya karatasi zake. Kama hayako mule, delege aombe hesabu irudiliwe mbele ya depo kujengwa, maana kisha saruji kumwagwa, Likasi haitauliza tena kitu.